Ratiba Apanga Safari ya Pwani

Katika ofisi ile ya tiketi hapakuwa na mtu aliyeijua njia ya jimbo la pwani kama mzee wa dirisha la kwanza. Wenzake walimwita Ratiba, naye hakuudhika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwaambia abiria waondoke lini, wapande nini, na wakae upande gani jua lisiwachome. Ukimwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kufika huko, anaanza kuzipanga kalamu zake. Mganga hajigangi.

Dada yake, aliyeolewa huko pwani na anayeishi na mama yao, alimpigia simu mwezi wa pili, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni.

"Kaka, njoo. Mama anasahau. Jana kaniita kwa jina la shangazi. Wewe bado anakukumbuka, kila siku anakuulizia. Njoo akiwa bado anakujua."

"Nakuja."

"Lini?"

Mtu mwingine angesema kesho, akatia nguo mbili kwenye mfuko, akaenda. Ratiba alifungua daftari. Basi la moja kwa moja lilitoka kila asubuhi, hatua arobaini kutoka kwenye kiti chake, na kufika adhuhuri ya siku ya pili. Lakini mabasi yale aliyajua. Likipanda mlima vizuri, litakufa kwenye mteremko. Treni ilikuwa salama, ila ya Jumanne na Ijumaa tu, na inakuacha mtoni, ambako lazima uvuke kwa kivuko ndipo utafute gari. Na ng'ambo ya kivuko, mvua za mwezi wa tatu huikata barabara kila mwaka. Mwezi wa nne ni maji, wa tano ni matope. Kalamu yake ilitua kwenye mwezi wa sita.

"Wiki ya pili ya mwezi wa sita," alimwambia dada yake, kwa sauti ileile anayowapa abiria.

"Kaka, hiyo ni miezi minne."

"Haraka haraka haina baraka. Nikikwama njiani nitakuwa nimekusaidia nini?"

Ningekuwa jirani yake ningemtolea begi nje mimi mwenyewe. Mama wa dirisha la pili, aliyekuwa amesikia yote, alijaribu kwa upole. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Ratiba. Basi la kesho lina kiti."

"Njia ya pwani utanifundisha wewe?"

Basi mwezi wa tatu ukaingia, mvua isinyeshe. Mwezi wa nne ukaja na vumbi. Abiria walishuka kutoka pwani nywele zimekuwa nyekundu, na Ratiba aliwauliza kila mmoja habari za barabara. Wakamjibu kwamba njia ni nyeupe. Yeye akasema mvua imechelewa tu, itashuka yote kwa mpigo, wataona. Kila asubuhi basi lilitoka mbele ya macho yake.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Kila alipowaza kuondoka, alimwona mama yake akiinua uso, akimtazama kama anavyotazamwa mgeni, naye akarudi kwenye daftari. Safari ikiwa bado imo daftarini, mama alikuwa bado anamjua.

Katikati ya mwezi wa tano alimpigia dada yake kumpa siku kamili na namba ya behewa. Dada hakutaka kusikia habari za behewa. Alimpa mama simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama."

"Ehe. Unapiga kutoka wapi?"

"Ofisini. Kwenye tiketi za mabasi."

"Tiketi za mabasi," mama alisema, na sauti yake ikachangamka. "Basi mwanangu utakuwa unamjua. Na yeye yuko hukohuko. Ni mtu wa mipango sana, tangu mdogo. Atakuja kuniona."

"Namjua," Ratiba alisema. Mtu wa mbele kwenye foleni aligonga kioo, na yeye hakugeuka. Machozi yalimshuka mbele za watu, akayaacha yashuke.

"Nisaidie kitu kimoja, baba. Ukimwona, mwambie asitafute usafiri mzuri. Apande chochote. Hawa hapa nyumbani wananificha, lakini nawasikia wakisema nasahau watu. Yeye bado sijamsahau. Mwambie aje leo."

"Nitamwambia, mama."