Ufunguo wa Besi la Mwinshehe

Mimi ni fundi cherehani hapa mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, na jirani yangu mzee Melkiori ni fundi magitaa. Kati ya kibaraza changu na chake kuna ukuta unaonifika kiunoni, kwa hiyo mambo yake nayaona hata nisipotaka. Na tusidanganyane, nataka.

Hatengenezi magitaa yote. Anatengeneza la besi tu, lile la nyuzi nne nene linalounguruma chini ya muziki, ambalo msikilizaji halijali mpaka linyamaze. Mtaa wetu umejaa watu wanaotoka alfajiri kwenda Dar na kurudi na giza. Wengine wamepakana naye miaka yote na hawajui anafanya nini pale. Kuna baba mmoja aliwahi kuniuliza kama mzee anachonga makasia. Makasia, Kibaha! Ya kuvukia lami? Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Mzee ni Mnyamwezi wa Urambo. Alikuja huku kijana, akawa seremala wa karakana ya shule, akachonga madawati mpaka akastaafu. Besi lilimjia kwa bahati tu. La kwaya ya kanisani kwake lilivunjika shingo, wakamletea aliunge kwa gundi ya mbao. Akalitazama siku kadhaa, kisha akachonga shingo mpya kabisa, na anasema likaimba kuliko lilivyotoka dukani. Tangu hapo hakushika dawati tena. Mwili anauchonga kwa mninga, shingo kwa mkongo, na akimaliza anasugua kwa nta ya nyuki anayoletewa na ndugu zake kutoka kwao. Siku akipaka nta hata nguo za wateja wangu zinanukia asali, nami nagomba, lakini kidogo tu.

Kazi yenyewe ni ya masikio. Nyuzi zikikaa juu sana, mpigaji anaumia vidole. Zikikaa chini sana, zinagusa vile vyuma vya shingoni na besi linakoroma. Kati ya hapo kuna mahali pamoja tu pa haki, na mzee anaweza kupatafuta kutwa nzima. "Mwamvita, pumzisha mashine," ananiambia, nami naondoa mguu kwenye cherehani. Anaegemeza taya kwenye ubao wa gitaa, anapiga uzi mmoja, anafumba macho. Hapo hata mimi nanyamaza, na ndugu zangu kule Mlandizi watakwambia hilo si jambo dogo.

Mkewe, Evaline, alifariki. Watoto wako Mwanza na Mbeya, wanapiga simu Jumapili, "Baba hujambo, baba tunakukumbuka," basi. Wateja ni wachache, maana besi likitengenezwa vizuri linakaa. Niliwahi kumsikia wakati anaingia ndani kula analiaga gitaa lililolala mezani: "Haya, mimi nakwenda." Niliinama kwenye kitambaa nikajifanya natunga uzi. Iliniuma, jamani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akija kwa uhakika. Ni Mwinshehe, Mzaramo wa Chole kule Kisarawe, mkulima wa mihogo na korosho wiki nzima, na siku za sherehe mpiga besi wa kikundi cha taarabu. Besi lake lilichongwa na mzee. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wapagazi wa kubeba mizigo hadi pwani, na mtani hana adabu kwa mtani wake. Ukimwona na adabu, ujue kuna jambo. Mwinshehe ni mdogo wa kutosha kumwamkia mzee, lakini shikamoo hajawahi kumpa. Akishuka tu kwenye bodaboda anapiga kelele kutoka barabarani: "We mpagazi! Hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani kazi ya kukuchunga?" mzee anajibu. "Safari hii mmeuza shamba gani mpate kucheza ngoma?"

"Tumeuza lako. Ulilisahau ulipotua mzigo."

Basi hapo mzee anacheka mpaka anakohoa, mzee ambaye wiki nzima sijamsikia hata akipiga chafya. Wanakunywa kahawa yangu na kutukanana hadi jioni. Siku moja Mwinshehe alimvua pama lake kichwani, akalivaa yeye, akaondoka nalo mpaka Chole. Mtani akichukua kitu hadaiwi. Mzee alikaa na kipara chake juani akimsimulia kila mpita njia kwamba ameibiwa na Mzaramo, na furaha aliyokuwa nayo ungedhani kapewa zawadi.

Na Evaline alipofariki, wakati sisi wote tunalia, Mwinshehe alijilaza mlangoni jeneza lisipite. "Huyu mama hatoki mpaka huyu mpagazi anipe kuku! Kazoea kubeba mizigo ya wenzake, leo abebe wa kwake!" Mzee alicheka huku machozi yanamtiririka. Aliniambia baadaye kwamba bila kicheko kile angeanguka pale pale.

Sasa sikiliza upumbavu wa mtu mzima. Ndani ya shingo ya besi kuna fimbo ya chuma inayozuia mti usipinde kwa mvuto wa nyuzi. Inakazwa kwa ufunguo mdogo, na wa mzee si wa dukani. Fimbo na ufunguo alivitengeneza mwenyewe kwa vyuma vya baiskeli, akavipiga tupa mpaka vikaoana, kwa hiyo hakuna ufunguo mwingine unaoingia pale. Masika mti unakunywa unyevu, kiangazi unakauka, na shingo inahitaji kuangaliwa. Lakini ikikazwa sawasawa inatulia muda mrefu.

Besi la Mwinshehe halikutulia. Kila baada ya majuma machache lilipinda, naye akalibeba kutoka Chole, akapita Mzenga na Mlandizi, mpaka hapa. Nikawa namwonea huruma. Kisha siku moja nikaona kwa macho yangu. Mzee alikaza fimbo, akasikiliza, akatabasamu, besi limekaa pale pale pa haki. Halafu akatazama huku na huku, akairudisha nyuma. Kidogo tu.

Mimi ni fundi. Nawajua mafundi cherehani wanaoacha pindo bila fundo ili mteja arudi. Nikaenda kusimama ukutani. "Mzee Melko, unalegeza nini?"

"Mti lazima upumue."

"Upumue wapi! Unataka huyo mtu arudi."

Hakukataa. Alifuta ufunguo kwa kitambaa, akautundika kwenye msumari wake. "Likitengemaa, Mwamvita, atakuja kufanya nini?"

"Si atakuja kukutukana! Mwambie tu, njoo."

"Mwanamume anamwambiaje mwenzake njoo ukae na mimi?" akasema. "Hivi hivi, bila sababu?"

Nilimwambia ni mjinga, tena kwa sauti. Mimi si mtani wake, kwa hiyo tusi langu lilikuwa tusi kweli. Hakuacha.

Masika ikaingia, na kukawa na harusi Kibuta. Kikundi cha Mwinshehe kilialikwa. Wakati bibi harusi anaingia ukumbini shingo ikasalimu amri, nyuzi zikapanda, besi likatoka nje ya sauti, waimbaji wakawa wanageuka kumtazama. Kiongozi wao akamwonyesha kwa kidole ashuke. Kinanda kikapiga besi badala yake. Kinanda! Kesho yake kiongozi akamwambia kwamba kinanda hakipindi, na kwamba likimharibikia tena asihangaike kuja.

Mwinshehe akalipeleka kwa fundi mmoja mjini. Yule hakuwa na ufunguo wa kuingia pale, lakini alichungulia, akabonyeza, akamwambia: mti huu mzima, chuma hiki kimelegezwa na mkono wa mtu.

Nilikuwepo siku aliporudi. Bodaboda ilisimama barabarani na sikusikia kelele yoyote. Mzee alikuwa ameshaandaa tusi, niliona midomo yake inacheza. Mwinshehe akaja taratibu mpaka kibarazani, akaliweka besi mezani kwa mikono miwili. Akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa lile pama. Lilikuwa limefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Shikamoo, mzee Melkiori," akasema.

Jamani! Nimewahi kuona watu wakipigwa, lakini sijawahi kuona mtu akipigwa namna ile. Mzee alishika ukingo wa meza.

"We Mzaramo," akajaribu, "mmeuza tena..."

"Naomba unikazie, mzee. Unikazie sawasawa. Likipinda tena wananitoa." Wala hakupandisha sauti. "Ungeniambia tu. Ningekuja. Ningekuja hata mikono mitupu."

Mzee akalivuta besi karibu. Akanitazama, nami nikaondoa mguu kwenye cherehani kabla hajaniomba. Aliifanya kazi ile mchana kutwa. Alisawazisha vyuma vya shingoni, akafunga nyuzi, akakaza, akasikiliza kwa taya, akakaza tena. Mwinshehe alikaa kwenye benchi na magoti pamoja, ungesema yuko hospitali anasubiri kuitwa. Kahawa niliyompa aliinywa, akasema, "Ahsante, dada." Hakuna siku aliyowahi kunishukuru kwa kahawa yangu, huwa anasema nimechemsha masizi.

Mwishoni mzee akapiga nyuzi zote nne, moja moja. Sauti ilipita kwenye saruji ikanipanda miguuni. Halikukoroma hata chembe. Nikasubiri nione mkono wake ukirudi nyuma, na haukurudi.

Kisha akauchukua ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Mwinshehe. "Ukiona nyuzi zimepanda, geuza kulia, kidogo sana. Zikikoroma, geuza kushoto. Huna haja ya kuhangaika tena mpaka huku."

Nilitaka kupiga kelele. Ufunguo ulikuwa huo huo mmoja, na yeye mwenyewe hakujibakizia mwingine.

"Nashukuru, mzee," akasema Mwinshehe. Akapakia besi lake akaondoka.

Masika ikaisha, kiangazi kikaja. Msumari ulibaki mtupu ukutani. Pama hakulivaa, alilirudisha kwenye mfuko kama lilivyokunjwa. Kila bodaboda iliyopunguza mwendo barabarani alikuwa anainua kichwa, kisha anakiinamisha. Nikamwambia, mpigie simu umwombe radhi, mdomo haulipiwi ushuru. Akasema atapiga. Sijui alikuwa anamwogopa nani, lakini hakupiga, na mimi nilichoka kumgombeza mtu ambaye hata hajibu.

Halafu mtoto wa dada yangu akaolewa huko huko Kibuta. Nikashona sare, nikaenda, na kikundi kilichokuja kilikuwa kile kile. Wallahi, muziki mimi siujui, lakini besi lile lilipoanza, kina mama walisimama kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mwinshehe alikuwa mbele kabisa, kavaa kanzu, na ufunguo ameufunga kwa uzi shingoni. Kinanda kilikuwa pembeni kinafanya kazi ya kinanda.

Walipopumzika nikamfuata. Sikuzunguka. "Mtani wako anakufa na upweke. Nenda ukamtukane."

Akautazama ule ufunguo kifuani. "Najaribu, dada Mwamvita," akasema. "Nikifika Mlandizi nalitafuta tusi silioni. Nageuza." Nilimwona analengwalengwa na machozi, mwanamume mzima. "Mwambie halijapinda. Na umpe shikamoo yangu."

Kesho yake niliporudi mzee alikuwa kibarazani, hana kazi mkononi. Hakungoja hata niweke mkoba chini.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Besi je? Limepinda?"

"Halijapinda."

"Hata kidogo?"

Nilitamani kumdanganya. "Hata kidogo, mzee. Watu walisimama wenyewe."

Akatikisa kichwa taratibu. Niliona fahari ya fundi ikimjia usoni, ikakaa kidogo, ikaondoka.

"Alinitukana?"

Ningeweza kumtungia. Mdomo wangu haujawahi kupungukiwa na matusi. Lakini mzee yule tusi la Mwinshehe analijua, na la kwangu analijua.

"Amesema shikamoo," nikamwambia.

Mzee akatazama barabarani. Hakukuwa na bodaboda yoyote iliyokuwa inakuja.

"Marahaba," akasema.