Novemba kwa Novemba

Nilikuwa karani wa ofisi ya wafanyakazi katika kiwanda cha biskuti huko Industrial Area. Kila mwisho wa mwezi nilijumlisha watu waliofanya kazi, nikapeleka hesabu kwa meneja. Mwaka ule, Novemba ikielekea kuisha, alizichora hesabu zangu kwenye karatasi kubwa akaibandika karibu na lango: mstari ulioanzia chini mwezi wa Agosti ukapanda hadi juu kabisa. Aliandika, "Ajira inakua."

Vibarua waliisoma, na uvumi ukaenea kwamba wataandikwa kazi ya kudumu.

Mmoja wao alikuwa mama mmoja aliyeishi mtaa wa Mukuru kwa Reuben, mpakiaji wa miaka mingi. Ndiye aliyenipokea nilipoingia pale mgeni, na tulikuwa tukila chakula cha mchana pamoja. Shule moja ya Makongeni ilikuwa imempa kazi jikoni. Mshahara wake ulikuwa mdogo, ila wa uhakika. Walitaka jibu kufikia Ijumaa.

"Wewe ndiye unakaa na hayo makaratasi," aliniambia Jumatatu. "Kama hapa kazi inapanda, si niwakatalie tu?"

Nilimwomba siku mbili. Nikatoa mafaili ya miaka ya nyuma. Kila mwaka mstari ulikuwa ule ule: watu huongezwa kuanzia Septemba kwa sababu ya biskuti za Krismasi, halafu Januari wanaachishwa. Kupanda kule hakukuwa jambo jipya. Ndipo nikaweka Novemba kando ya Novemba, na Januari kando ya Januari. Kila Novemba ilikuwa na watu wachache kuliko Novemba iliyotangulia. Kiwanda kilikuwa kikipungua, na msimu ulikuwa ukiuficha upungufu huo.

Nilimpelekea meneja hesabu hizo. Alisoma bila kuketi.

"Nimeandika uongo wowote pale?"

"Hapana, bosi. Lakini umelinganisha Agosti na Novemba."

"Hesabu ni zako. Sitaki kusikia zimetoka nje ya ofisi hii."

Siku iliyofuata sikumwambia yule mama lolote. Alhamisi nilimwita nyuma ya stoo.

"Chukua ile ya shule," nilimwambia. Nikamweleza nilichokiona.

Aliniuliza, "Dada yako bado anasimama hapo langoni asubuhi?"

Nilijua anakoelekea. Mdogo wangu huyo alikuwa akirauka kila siku kutoka kwetu Kaloleni kuja kutafuta kibarua pale pale.

"Bado," nikasema.

"Kwa hivyo nikitoka, nafasi ni yake."

"Mama, hayo hayahusiani."

"Usiniite mama."

Ijumaa hakuja kazini. Jumatatu msimamizi wa upakiaji alitoka langoni akachagua watu, na mmoja wao alikuwa dada yangu. Sikuwa nimemwombea, lakini waliokuwa wakitujua waliacha kunisalimia. Nami niliketi ofisini nikisubiri meneja aniite. Hakuniita.

Januari watu waliachishwa kama kawaida, dada yangu akiwamo. Kisicho cha kawaida kilikuja baadaye: Septemba ilifika, na walioitwa tena walikuwa wachache mno, hata mashine moja ya kupakia haikuwashwa. Wengi wa walioachwa nje walikuwa wamekataa vibarua vingine wakiingojea ile kazi ya kudumu.

Nilikwenda Makongeni muda mfupi baada ya hapo. Nilimkuta yule mama nyuma ya jiko la shule akichambua maharagwe. Alinisogezea kiti, akanimiminia chai.

"Nimesikia ya kiwandani," alisema. "Ulisema kweli."

Nilipokea kikombe.

"Lakini niambie. Siku ile ulikuwa ukinisaidia mimi, ama dada yako?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo karibu mwaka mzima. Nilimwambia kwamba nilipofungua mafaili nilikuwa nikimfikiria yeye, ila Alhamisi ile, nikimwita nyuma ya stoo, nilikuwa nimemwona dada yangu langoni asubuhi, na sikuweza kuapa kwamba sikumfikiria huyo pia.

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua.