Kikombe cha Farasi

Ukiwa na farasi huku Olenguruone, swali la kwanza utakaloulizwa ni anatoa nini. Hawaulizi kwa ubaya. Juu ya Mau mnyama mkubwa hukamuliwa, au huvuta mkokoteni, au huuzwa, na wa kwangu hakuwa akifanya lolote kati ya hayo. Alikuwa jike wa rangi ya kahawia, umri umeanza kumlemea, na mbavu zake zilionekana tangu barabarani. Watu walisimama kwenye ua wakamtazama, wakatikisa kichwa, wakaendelea na safari zao.

Alikuwa wa mume wangu. Tulipokuwa tukiishi Kihoto, pale Naivasha, mume wangu aliwapandisha wageni farasi huyo kando ya ziwa, na kwa kazi hiyo tulikula na tukalipa nyumba. Kisha ziwa likapanda, likaingia mpaka chumba cha kulala, likakataa kutoka. Tukahamia kwa mama yake, shamba lenye ng'ombe watatu na nyasi za kutosha, tukisema ni kwa muda. Mwaka uliofuata mume wangu akaugua, akafa. Nikabaki na mama mkwe ambaye lugha yake siijui, tukizungumza Kiswahili cha kuokoteza, na farasi aliyekuwa akikonda mbele ya macho yetu.

Dada yangu ana duka la vitambaa Nakuru mjini. Alinitengea kazi pale na chumba nyuma ya duka. Nilimjibu kwa simu, kwa Kikuyu, nikiwa jikoni, kwamba siwezi kuja na farasi, na siwezi kumwacha; akifa, nitakuja. Mama mkwe alikuwa kando yangu akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake akamfungua farasi mdomo. Magego yalikuwa yameota ncha zilizomchoma mashavu, ndiyo maana alikuwa akitafuna nyasi na kuzitema. Daktari aliyakwangua kwa tupa ndefu, akampa dawa ya minyoo, kisha akapapasa mbavu kwa vidole.

"Meno tumemaliza, mathe, na minyoo pia," aliniambia. "Sasa imebaki chakula. Nyasi yenu inajaza tumbo lakini ndani haina kitu. Tafuta balancer."

"Na asiponenepa?"

Alifunga begi lake kwanza. "Baridi ya July ikimpata hivi, kuna asubuhi atashindwa kuinuka. Heri tumlaze na sindano, asiamke tena, kabla ya hapo. Nitarudi mvua ya baridi ikianza, tuone."

Alisema ukweli, na nilitamani kumpiga. Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi langoni.

Nilishuka Nakuru kutafuta hiyo balansa, chakula cha nyongeza cha farasi. Agroveti niliyoelekezwa, duka la dawa na vyakula vya mifugo, ni ya mama mmoja wa Kihindi anayevaa miwani kwenye kamba, na ambaye hana haraka ya kuuza kitu chochote. Aliniwekea mifuko mitatu juu ya kaunta. Wa kwanza ulikuwa umejaa molasi, chembe zake zinanata na kunukia vizuri hata mimi ningezionja. Wa pili ulikuwa na picha ya farasi mnene anayemeremeta. Wa tatu haukuwa na picha, na chembe zake zilikuwa kavu, za rangi ya vumbi. Nilishika wa pili. Kusema kweli, nilikuwa nimechagua picha.

"Unataka anenepe?" mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Balancer haimnenepeshi, mama. Inampa ile kitu nyasi haina, protini na madini, ndio chakula ingine ifanye kazi. Kama nyasi ni kidogo, hata akimaliza gunia yote atabaki mifupa." Alichukua mfuko kutoka mikononi mwangu akaugeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma. "Na hii siwezi kukupatia. Inatengenezwa mashine moja na chakula ya kuku. Kuku wanawekewa dawa ndani. Farasi akikula hiyo dawa, moyo inasimama."

"Kwa nini unaiuza, basi?"

"Watu wa ng'ombe wanaipenda." Aliurudisha kwenye rafu bila aibu yoyote. "Ile ya molasi ni sukari mingi, itamchangamsha tu. Chukua hii mbaya."

Nikachukua ile mbaya. Akaniongezea majani ya lusani yaliyokaushwa, niyaloweke majini kwa ajili ya yale meno, na mafuta ya kupikia ya kumnyunyizia kidogo kidogo, kwa sababu unene wenyewe ungetoka huko. Balansa ilikuwa kikombe kimoja kwa siku. Alinionyesha kwa mkono, akipitisha kiganja juu ya kikombe ambacho hakikuwepo. "Level. Usijaze mpaka iwe mlima."

Mama mkwe alikichungulia kile kikombe siku ya kwanza, akanitazama.

"Hii ni ya kuonja?"

"Ni ya siku nzima, Mama."

Alinirudishia kikombe, na mimi nilipaswa kujua kwamba hajakubali. Katika nyumba ile hakuna anayepewa kidogo. Chai humiminwa mpaka imwagikie sahani, na usipoimaliza unaulizwa kama umekosewa. Wiki yangu ya kwanza pale nilikula ugali mpaka nikalala nimekaa, kwa sababu kila nilipopunguza kilima, alikijenga upya. Mgeni aliyetoka kwake na njaa angemwaibisha hadi kwa majirani, na hata mbwa wa kupita hupata bakuli lililojaa. Mimi nilikuwa nikimwambia kwamba mnyama mkubwa kuliko wote shambani apewe kikombe, tena kikatwe kwa kiganja.

Asubuhi nilikuwa nikishuka sokoni kuuza mitumba, yeye akibaki na wanyama. Nilimwachia kikombe kimepimwa, lusani imelowekwa, nyasi zimetandazwa. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Manyoya ya farasi yalilala, macho yakapata uhai, na mfupa wa nyonga ukaacha kuchongoka. Kisha mavi yake yakawa maji, na akawa hatulii. Wakati huohuo ng'ombe mmoja alianza kumeremeta kama aliyepakwa mafuta. Nikajumlisha mambo hayo mawili nikapata jibu langu: mama mkwe anamnyang'anya farasi balansa anampa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe anatoa maziwa na farasi hatoi chochote. Sikumuuliza. Nilianza tu kumsalimia kwa ufupi, na kumaliza chai yangu nje.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni mchana nikamkuta mama mkwe uwanjani ameshika kamba ya farasi. Hakuwa amewahi kumgusa, alikuwa akimwogopa waziwazi, na kila siku alimsukumia ndoo kwa mti mrefu kutoka upande wa pili wa ua. Sasa alikuwa akimvuta, na farasi alikuwa akipiga chini kwa ukwato, akigeuka kuangalia tumbo lake, akitaka kulala. Shuka la mama mkwe lilikuwa limeanguka kwenye matope na hakuwa ameliokota.

"Tumbo," aliniambia. "Akilala namwinua. Akilala namwinua."

Nilimpigia daktari simu; alifika, akaweka sikio kwenye ubavu, akachoma sindano. Kisha akainua ndoo akainusa.

"Nani anampatia mahindi?"

"Mimi," mama mkwe alisema.

"Nyingi?"

"Ya kujaza. Na dairy meal ya ng'ombe juu." Alisema bila kujificha, akimtazama daktari usoni. "Hiyo kikombe ni aibu. Nilikuwa naweka yake yote, halafu namjazia."

Daktari alimweleza, kwa heshima zaidi kuliko ambavyo ningefanya mimi, kwamba tumbo la farasi si la ng'ombe, kwamba ukilijaza nafaka linachacha, na farasi hana namna ya kutapika. Alituambia tumtembeze na tusimpe kitu mpaka atoe mavi. Asipotoa kufikia jioni, tumpigie simu, na kwa uso wake nilijua atakuja na sindano gani.

Tukamtembeza, mimi nimeshika kamba, yeye upande wa pili. Tulizunguka uwanja, tukapita zizi la ng'ombe, tukazunguka tena. Nilikuwa na hasira.

"Mama, ulitaka afe?"

Alikuwa ameweka mkono kwenye shingo ya farasi, mkono wote, uoga umemwisha bila yeye kujua.

"Akikufa," alisema, "wewe unaenda Nakuru."

Tuliendelea kutembea. Nakuru ni Nakuru kwa lugha yoyote, na farasi kwa Kikuyu ni mbarathi, neno ambalo mtu yeyote angelitambua akiwa anamenya viazi. Tangu siku ile ya simu alikuwa amesikia, na yaliyobaki akayakisia. Yale mahindi ya mbegu bora, aliyoyaanika kwa ajili yake mwenyewe, yalikuwa yakienda kwenye ndoo ya mnyama anayemwogopa, ili mnyama huyo asife, ili mimi nisipate sababu. Niliona aibu na nikamwonea huruma, na hasira yangu haikupata pa kukaa. Kuhusu yule ng'ombe, baadaye nilijua alikuwa na mimba. Ng'ombe wenye mimba hung'aa.

Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya mlima farasi aliposimama, akainua mkia, akatoa mavi. Mama mkwe alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nililia, nikasingizia baridi.

Kesho yake nilimwonyesha jinsi ya kupima. Alijaza kikombe, akakisimamisha mbele ya uso wake, akapitisha kiganja polepole, chembe za ziada zikarudi mfukoni. Ilimuuma, niliona. Lakini kila siku tangu hapo alipima yeye, akabaki kwenye ua na ule mti wake kuzuia ng'ombe wasikaribie, mpaka farasi amalize.

Mvua ya baridi ilipoanza, daktari alirudi. Alipapasa mbavu, safari hii ilibidi abonyeze ndipo azipate.

"Huyu atavuka," alisema.

"Mpaka wapi?" mama mkwe aliuliza, lakini alikuwa akiniangalia mimi.

"Mpaka baridi iishe, mathe. Baada ya hapo ni mzee tu kama wazee wengine."

Tuliingia jikoni. Alinimiminia chai mpaka ikamwagikia sahani, akakaa kwenye kigoda chake kumenya viazi. Simu ikalia. Alikuwa dada yangu, akitaka kujua ile nafasi aendelee kuishikilia mpaka lini. Nilimjibu kwa Kiswahili. Alishangaa, akaniuliza kama niko na watu. Nikamwambia niko na mama, na kwamba ile kazi ampe mtu mwingine.

Kisu kilisimama kidogo juu ya kiazi, kisha kikaendelea.