Gari Ambalo Halijatembea

Nina hasira za karibu, na siku niliyonunua gari zilinisaidia, kwa sababu Nachingwea nzima ilikuwa na ushauri. Mwalimu mzima wa hesabu, milango miwili, gari limelala chini, hata gunia la korosho haliingii! Nikawaambia sikutafuta gari la korosho. Gari la namna ile nililitamani tangu usichana. Tena mama yangu, aliyekuwa akiishi peke yake Nambilanje na magoti yake mabovu, alishaniapia kwamba atahamia kwangu siku nitakayomfuata kwa gari langu mwenyewe, si la kukodi. Nilitaka aje kabla ya mvua.

Mwenye gari alikuwa bwana shamba mstaafu. Alilifungia ghalani miaka mingi, akiliwasha kila Ijumaa akitoka msikitini, analisogeza mbele, analirudisha nyuma, basi. Fundi niliyekwenda naye hakuziamini namba za kilomita. Akapiga magoti, akakagua raba za pedeli. Michirizi yake yote ilikuwepo.

"Gari haijatembea hii, Mwalimu," akasema. Kisha akabonyeza tairi. Kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa nzima, ila mpira ulikuwa na nyufa. "Lakini kukaa nako kumeichosha. Badilisha matairi yote."

Nikabadilisha, nikampigia mama. Huwa tunaongea Kimwera, lakini neno lile la fundi sikuwa nalo kwa Kimwera, nikatia la Kiswahili. "Nimepata gari, mama. Halijatembea!"

Akauliza, "Halijatembea? Sasa utanifuataje?"

Nilimweleza mpaka salio likaisha. Hakuelewa.

Jumamosi nikaenda. Nilipoipita Ruangwa mjini lami ikaisha, tumbo la gari likaanza kukwaruza. Karibu na kijiji, ng'ombe wa wafugaji waliohamia walikuwa wamepita wakati wa tope, na nyayo zao zimekauka mashimo matupu. Gari likagoma kupita. Nililiacha kwenye duka la njiani, nikamalizia kwa miguu huku machozi yananilenga. Nilijua atasema ahadi imevunjika, na mvua itamkuta kule kule peke yake.

Nilimkuta barazani, amevaa kanga mpya, furushi la nguo pembeni na kuku wawili kikapuni. Akaitazama miguu yangu yenye vumbi.

"Si nilisema? Halijatembea."

"Lipo dukani, mama. Limeshindwa kufika."

Akashika fimbo yake. "Basi mie nitatembea."

Nilibeba furushi na kuku. Tulitumia karibu saa nzima, tukipumzika kila hatua chache, na hakulalamika hata mara moja. Nilijionea aibu, nikamwambia hivyo, akanijibu niangalie kuku. Kwenye gari alijishusha taratibu, akanyoosha miguu kama yuko mkekani kwake. Alicheka. Njia nzima aliwahesabu wafugaji na ng'ombe wao.

Nachingwea nilimfungulia mlango. Hakuweza kuinuka. Nikamshika mikono yote miwili, nikavuta, wapi.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Haraka ya nini? Mie sirudi."