Saa ya Kufa Kwetu

Nikiukumbuka mwezi wa Rozari, sianzi kumkumbuka Bikira Maria. Naanza kuyakumbuka magoti yangu. Yalikuwa membamba, na sakafu ya nyumba yetu pale Baraka ilikuwa ya udongo uliopigwa mpaka ukawa mgumu. Baba, aliyekuwa fundi seremala wa misheni, hakuturuhusu kupiga magoti juu ya mkeka. Mkeka ni wa kulalia, alisema, na sala si usingizi. Kwangu mimi sala na usingizi vilikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini hilo sikumwambia.

Tulianza tukishakula, moto ukiwa bado mwekundu chini ya majivu, na ziwa likisikika nyuma ya shamba la mihogo. Baba alikaa mbele, mama nyuma yake na mtoto mchanga mgongoni, kisha kaka yangu mkubwa, kisha mimi. Nyanya, mama mzazi wa baba, alikaa kwenye kitanda chake cha kamba karibu na mlango. Shapele yake, zile shanga za kusalia Rozari, ilikuwa ya mbegu nyeusi, ndefu kiasi kwamba ncha yake ilinifikia pale nilipopiga magoti, naye aliniachia niishike. Kila alipovuta mbegu moja nilisikia mvuto mdogo kidoleni. Tulisafiri hivyo wawili, yeye akijua tumefika wapi na mimi nikiwa sijui.

Kufikia fungu la pili, kila fungu likiwa na Salamu Maria kumi, nilikuwa sina hakika tena kama ni watu wanaosema au ni maji yanayorudi kwenye mchanga. Mdomo wangu uliendelea kujibu peke yake. Macho yakiwa wazi nusu, nilimwona Mama Maria akija kutoka upande wa rasi ya Ubwari, anatembea juu ya ziwa polepole kama mtu asiye na haraka ya soko, beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani, na viatu ameshika mkononi ili visilowe. Siku nyingine alipita mbele ya mlango wetu akakohoa kidogo, kama wafanyavyo wageni wenye adabu. Ndipo mama aliponyoosha mkono nyuma akanifinya, naye Mama Maria akapotea na beseni lake.

Sala zile sikuzisoma popote. Ziliniingia masikioni nikiwa katika hali hiyo, na kila neno likajitafutia pake pa kukaa. Mwisho wa kila Salamu Maria tuliomba Mama wa Mungu atuombee, sasa na saa ya kufa kwetu. Wakubwa walielewa kwamba ni saa ile tutakapokufa sisi. Mimi nilielewa kwamba ni saa ya kufa hapa kwetu, nyumbani, ndani ya nyumba hii yenye mlango aliouchonga baba. Nani atanilaumu? Kwetu ilikuwa ni kwetu. Nilidhani kuna watu wanaofia njiani au majini, na kwamba sisi tunaomba bahati ya kufia ndani. Sikuona ubaya wowote.

Ubaya niliuona mwaka ule miguu ya nyanya ilipovimba na pumzi yake ikawa fupi. Mama akawa anamlisha uji kwa kijiko, na wanawake wa jirani wakaja kukaa naye bila kusema mengi. Ndipo jioni moja, mbegu ya shapele ikinivuta kidole, nililisikia neno lile kana kwamba nimemwagiwa maji baridi. Saa ya kufa kwetu. Mara hamsini na zaidi kila jioni, sote kwa pamoja, tena kwa sauti, tulikuwa tunaomba mtu afe nyumbani kwetu! Na mgonjwa alikuwa mmoja tu.

Nilianza kumeza mwisho wa sala, lakini ilikuwa kazi bure, maana wenzangu waliutamka vizuri kabisa. Nikajaribu kukohoa. Mama akanipa asali.

Nafasi yangu ilikuja kwa sababu ya utaratibu wa baba. Mwezi wa Rozari kila mmoja wetu alipewa fungu lake la kuongoza, na la nne lilikuwa langu. Anayeongoza anasema nusu ya kwanza, wengine wanajibu nusu ya pili, naye anawangoja wamalize. Mimi sikuwangoja. Walipofika tu kwenye "sasa na saa ya", niliruka na "Salamu Maria!" kwa sauti kubwa, nao wakalazimika kuacha mkia wa sala na kunifuata. Nilifanya hivyo jioni nne. Mama alidhani nina usingizi na nataka kumaliza haraka. Kaka yangu aliniita gari la misheni lisilo na breki. Nyanya, jioni ya nne, alikula ndizi nzima, nami nikajua dawa yangu inafanya kazi.

Jioni ya tano baba alichoka.

"We mutoto, mbio ya wapi? Acha bantu bamalize!"

Nilianza tena, nikakata tena. Akapiga kiganja sakafuni.

"Sababu gani unakata sala ya Mungu?"

"Mi sitaki Nyanya afe kwetu!" nikapiga kelele, na machozi yakanitoka.

Kwanza hawakuelewa. Kisha kaka yangu akaelewa, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mama alificha uso ndani ya kitenge, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hata baba, ambaye hakucheka wakati wa sala tangu nimjue, ilibidi ajifute mdomo. Akanieleza taratibu, kama anayepima ubao: kufa kwetu ni sisi kufa, si nyumba, unasikia? Niliitikia kwa kichwa, nikiona aibu. Nilitamani sakafu ile ngumu inimeze.

"Musimuchekelee," ilisema sauti kutoka kitandani. "Miye pia nasikiaka ile sala vile."

Kwikwi ya kaka yangu ikakatika.

"Tangu padri alinimwangia maji ya batizo," nyanya aliendelea, akipumzika kila baada ya maneno mawili, "naombaka nife kwetu. Na kwetu si hapa. Kwetu ni Nundu."

"Mama, ile ni maneno gani?" baba aliuliza. "Baba yangu alizikwa hapa. Batoto bako iko hapa. Hapa ndiyo kwenu."

"Hapa ni kwenu ninyi. Miye nilikujaka kuolewa tu."

Nilimtazama baba. Alikuwa amejenga chumba kile kwa ajili yake, amemchongea kitanda, amempigia mlango usiopitisha upepo wa ziwa, na kila jioni ndani ya nyumba hiyo hiyo mama yake alikuwa akiomba kuondoka. Alimwuliza kule Nundu nani atampaka mafuta matakatifu, wakati padri anapita mara moja moja tu. Baba alibeba jina la babu yake, yaani baba mzazi wa nyanya, na kwa sababu hiyo nyanya alimwita Baba tangu alipozaliwa, sisi tukizoea kuwatania wote wawili. Jioni ile hakuna aliyetania.

"Baba," akamwambia mwanawe, "unirudishe nyumbani."

Baba akaanza fungu la tano kana kwamba hakusikia.

Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia nyanya kuliko wote. Kazi yote ile ya kumkatia kifo, kumbe mwenyewe anakiita! Jioni mbili sikuishika ncha ya shapele yake. Nilikaa karibu na mama, nikamgeuzia mgongo, na nilijisikia vibaya sana lakini sikugeuka. Kwa kuwa nilikuwa macho, nilisikia jambo ambalo wengine hawakulisikia. Baba alikuwa anaumeza mwisho. Midomo yake ilicheza, ila kwenye neno la mwisho sauti haikutoka. Mimi niliyekuwa fundi wa kazi ile nilimtambua mara moja.

Jioni ya tatu alinyamaza katikati ya Salamu Maria. Tulingoja. Akainuka, akatoka, akaenda kwa jirani yetu mwenye mtumbwi mkubwa. Jirani huyo alikuwa Mwislamu, naye alikuwa na shanga zake za kuhesabia sala, tena sisi watoto tulikuwa tumebishana na watoto wake shanga zipi zinafika mbinguni kwanza. Tulimsikia nje akisema, "Mama yako ni mama yangu. Kesho ziwa iko muzuri." Nyanya naye alisikia. Alilala chali, mikono kifuani, anatabasamu kama binti aliyeletewa habari ya ndoa.

Asubuhi padri alikuja na mafuta, maana baba hakukubali aondoke bila hayo. Wakambeba kwa mkeka mpaka mchangani. Nilipomwona amekuwa mdogo vile ndani ya mtumbwi, hasira yangu ikaisha yote, nikaingia majini mpaka kiunoni na nguo zangu. Akanishika shavu.

"Usikatake tena sala," akasema. "Niko na njia mbali."

Mtumbwi uliondoka, baba ameketi nyuma amemshika mama yake kichwa, na wapiga makasia wakaanza kuimba. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Waliingia ndani yake polepole, na kwa muda mrefu tuliusikia wimbo bila kuwaona.

Jioni mama aliongoza. Kitanda cha kamba kilikuwa kitupu. Nilijua sasa maana ya neno lile kwa wakubwa, baba alishanieleza, lakini sikuijali maana yao. Niliwaza pumzi ile fupi, na safari ya siku mbili. Fungu langu lilipofika niliwangoja wote, na mwisho niliutamka pamoja nao kwa nguvu zangu zote, mara kumi, saa ya kufa kwetu. Kwetu hiyo niliitamka badala ya nyanya aliyelala ndani ya mtumbwi, kwetu ya Nundu. Nilimwombea afe, lakini afe akishafika.

Baba alirudi baada ya siku saba, amenyoa nywele, na mama hakuhitaji kuuliza kama nyanya amekufa. Aliuliza jambo lingine.

"Alikufa kwa njia?"

"Hapana." Baba alikaa kizingitini. "Alifika. Bakamupikia samaki ya kuhe. Akaonesha bantu bote mutoto yake. Akalala kwa nyumba ya ndugu yake, asubuhi hakuamuka." Akavuta pumzi. "Alikufa kwabo."

Alilisema neno hilo yeye mwenyewe, kisha akalia, mikono imeachwa magotini. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama mbele ya baba yangu anayelia nikiwa nimejaa furaha, na sikujua niiweke wapi.