Firigisi ya Mzee Rwegoshora

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, Anonciata Nikuze alipigwa picha katika mkahawa wa Baraza la Kuku, tawi la Omurushaka, akiwa amesimama kando ya mwimbaji Kidani wa Dar es Salaam. Kidani ameshika kijiti chenye firigisi moja. Anonciata anacheka. Picha hiyo sasa imebandikwa ukutani juu ya sinki, na kila anayekwenda kunawa mikono huiona kabla hajafungua bomba.

Wateja wageni humtambua mpishi wao kwa picha hiyo, na kumwomba asimame chini yake ili nao wapige. Husimama, kwa kuwa ni sehemu ya kazi. Kucheka ameacha.

Baraza la Kuku lilianzia Mwanza, likafika Bukoba, na mwaka juzi likafungua Omurushaka, Karagwe, pale njia ya kwenda Kyerwa inapoachana na barabara kuu. Meza hazina vitambaa, sahani ni za bati, uma hakuna. Mheshimiwa akija hunawa kwenye bomba lile lile la waendesha bodaboda, hukaa benchi moja nao, na mafuta humtiririka hadi kwenye kiwiko kama yanavyowatiririka wao. Watu wanaotoka Nkwenda na Bweranyange kuja kula hapo hawaji kwa sababu kwao hakuna kuku. Kuku wanao, wengine wanalala nao jikoni. Wanakuja kukaa walipokaa watu wa kwenye televisheni. Na hao wa kwenye televisheni, kwa jinsi Anonciata alivyowatazama kutoka dirisha la jiko, wanakuja ili kwa saa moja wasiwe wa kwenye televisheni.

Kuna na jingine. Zamani mwanamke wa Kinyambo, wenyeji wa huku, alimpika kuku maisha yake yote bila kumwonja. Nyama ile ilikuwa ya wanaume. Pale Baraza wake za watu hutafuna mapaja mbele ya waume zao na hakuna anayegeuza shingo. Nyuma ya jengo kuna banda ambamo mteja humchagua kuku wa kienyeji akiwa hai. Asiyeweza kusubiri huletewa wa kisasa kutoka kwenye jokofu.

Anonciata alizaliwa Kyerwa, kwa wazazi wenye asili ya Rwanda waliokuja kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa wakabaki. Miaka sita iliyopita aliondoka kwao na Mugisha, mtoto wa Mzee Aristides Rwegoshora wa Ihembe. Hapakuwa na posa, wala rubisi, pombe ya ndizi, ya kuwanywesha wazee. Mzee Rwegoshora hakutukana na hakumfukuza mtu. Alifanya jambo moja tu: hakutia mdomoni kitu chochote kilichopikwa na Anonciata. Akiletewa chakula, alishukuru na kusema ameshiba.

Alipozaliwa mtoto wa kwanza, Mzee hakumpa jina. Babu wa upande wa mama ndiye aliyempa, akamwita Uwizeye. Wa pili, mvulana, alifikisha miezi minane akiwa na jina la ubatizo peke yake. Kwa watu wa Ihembe, mtoto ambaye babu yake hajamwita bado hajaingia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo ambamo huzaliwa, huishi na huzikwa. Jambo hili lilimnyima Anonciata usingizi kuliko yale ya kwake mwenyewe.

Wazo la mkahawa lilikuwa la Mugisha. Nyumbani kwao baba asingekula. Lakini Baraza si kwa mtu. Pale kila mtu ni mgeni, hata anayepika. Kazi ya kumshawishi Mzee aliifanya mama mkwe, Avelina Kokushubira, ambaye alimweleza mumewe kwamba hata waziri alikula pale kwa mikono yake. Mzee akajibu kuwa waziri naye ana tumbo. Akakubali. Halikusemwa, lakini wote wanne walilielewa: akila, atampakata mtoto na kumpa jina.

Jumamosi ile ya picha Mzee alifika na mkewe, amevaa koti. Anonciata alitoka jikoni na aproni yake, akapiga magoti, akatoa shikamoo. Mzee aliitikia, kisha akaenda moja kwa moja bandani na kumwonyesha kidole jogoo mwekundu aliyekuwa akiwapiga wenzake.

“Huyu. Anajiona sana.” Akauliza, bila kumtazama mtu, nani atampika.

“Mimi, Tata,” alisema Anonciata, kwa neno la Kinyambo analomwitia mtu baba yake.

Mzee aligeuka kwenda kukaa. “Basi usimharakishe.”

Hakumharakisha. Na firigisi aliitenga. Katika nyumba za huku firigisi ni ya mwenye mji: mke humwekea mume, na baba wa mume akiwepo, huenda kwa baba. Kumwandalia mzee kuku asiye na firigisi ni kumwambia kwamba hapa mkubwa ni mwingine. Anonciata aliichemsha peke yake, akaichoma taratibu, akaifunika kwa kipande cha jani la mgomba.

Ndipo magari mawili yaliposimama nje. Kidani alikuwa njiani kwenda kutumbuiza Kayanga. Watu walisimama na sahani zao, waliokuwa barabarani wakaingia, na mwimbaji akajibana kwenye benchi kati ya wauza kahawa wawili, akaomba firigisi. Hakutaka za jokofuni. Alitaka ya kienyeji.

Meneja, Bi Mackrine, aliingia jikoni akihema. Kuku wa kienyeji aliyekuwa jikoni saa hiyo alikuwa mmoja tu, yule jogoo.

“Mama Uwizeye, nipe hiyo.”

“Ina mwenyewe.”

“Mwenyewe atapata nyingine. Firigisi ni firigisi.”

Bi Mackrine ni mtu wa mjini, na alisema alichokiamini. Anonciata alijua zaidi yake, na nafasi ya kukataa alikuwa nayo. Aliitunga firigisi kwenye kijiti kwa mkono wake, akaipeleka kwa miguu yake. Kidani aliuliza ni ya kuku gani, kisha akamuuliza jina, akalitamka lote bila kukosea, jambo ambalo hata padri wa parokia yao hushindwa. Hapo ndipo alipocheka, na hapo ndipo picha ilipopigwa.

Mzee alikuwa ameketi kona ya mbali, umati umemzuia asione. Anonciata alirudi jikoni, akafungua jokofu, akachagua firigisi ya kuku wa kisasa iliyokuwa kubwa kuliko nyingine, akaichoma hadi ikawa nyeusi kama ile ya kwanza. Akaiweka juu kabisa ya sahani ya baba mkwe.

Mzee alinawa, akaing'ata. Firigisi ya jogoo wa kienyeji humshughulisha mtu kwa ugumu wake. Hii ilikubali mara moja. Aliitazama iliyobaki, akamtazama mkwewe, akaimalizia. Kisha akala kila kitu, ndizi na nyama. Avelina alikula paja la kuku kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akalamba vidole na kuuliza kama jogoo yule alikuwa na miguu miwili tu. Walicheka wote, Mzee pia. Mugisha alipomsogezea mtoto, Mzee alimpakata, akamshika kisigino, akasema jina nalo haliharakishwi, angelala nalo na kuwapigia asubuhi. Anonciata alikwenda nyuma ya banda akalia kwa furaha.

Jioni ile picha ilisambaa kwenye simu za Karagwe nzima. Chini yake Kidani alikuwa ameandika kwamba amekula firigisi ya jogoo mwekundu wa kienyeji kutoka mkononi mwa dada Anonciata wa Omurushaka. Jirani mmoja wa Ihembe alimpelekea Mzee Rwegoshora simu, akidhani anampelekea sifa.

Asubuhi Mzee alipiga kama alivyoahidi. Mugisha aliweka sauti ya nje ili mkewe asikie jina la mwanawe.

“Nilipoing'ata nilijua si ya yule jogoo,” alisema Mzee. “Nikasema labda imeanguka kwenye moto, nisimwaibishe. Kumbe haikuanguka.” Akakohoa. “Mwambie mkeo sikukasirikia nyama. Amenidanganya mdomoni mwangu.”

Jina hakulitaja.

Tangu wiki ile tawi la Omurushaka linajaa. Watu huagiza “sahani ya Kidani” na hugombania ile benchi. Anonciata aliomba picha iondolewe ukutani. Bi Mackrine alimsikiliza vizuri, kisha akamwambia wakubwa wa Mwanza wameipenda na wanataka kuibandika katika kila tawi. Akamuuliza, bila kejeli, ni watu wangapi wangetamani kuwa mahali pake. Ni kweli ni wengi. Huwaona kila siku, wakinawa.

Mugisha hamgombezi; angemgombeza ingekuwa nafuu. Ameacha tu kumuuliza habari za kazini.

Juzi Avelina alipiga simu akiwa shambani, kwa sauti ya chini. Alisema maelezo hayatasaidia, na wasitumie simu wala mtu wa kati. Waende na jogoo hai. Anonciata ampike kwenye jiko la Ihembe, na Mzee ataketi pale mlangoni aone kila kipande kinavyotoka chunguni. Amekubali kuwepo. Kuhusu kula, hakusema kitu.

Jumapili hii, baada ya misa, Anonciata na Mugisha watakwenda Ihembe na jogoo. Mtoto watamchukua.