Foleni ya Unga

Ijumaa binti yangu alikuja na kompyuta yake, akasukuma sahani za pilau pembeni, akaiweka mezani. Anasoma chuo pale Doornfontein, na mwalimu wao amewapa filamu ya kuandikia insha: kichekesho cha nchi moja ya Ulaya, kuhusu mtoto aliyekulia chini ya wakomunisti.

"Mama, kaa. Hii ni kama kwenu," aliniambia. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila kukisema kunamchosha. Nimeshaacha kumgombeza.

Nikakaa. Dirisha lilikuwa wazi na kelele zote za Mayfair, mtaa wetu hapa Johannesburg, zinaingia, Wasomali wa duka la chini wakishusha magunia, teksi zikipigiana honi kwenye roboti, taa za barabarani. Nilipanga kucheka ili nimfurahishe, na nilicheka kweli pale mtoto alipoiamkia sanamu ya kiongozi akidhani inamwona. Kisha ikaja foleni. Watu wamejipanga mbele ya duka bila kujua kinauzwa nini, wanashikiana nafasi kwa viatu, kwa vikapu, kwa bibi mmoja aliyelala kwenye kiti. Binti yangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi nikaacha kucheka.

"Haichekeshi, Mama?"

"Inachekesha. Izime."

Tangu mdogo ananiuliza babu yake alikufaje, nami humwambia ale, chakula kinapoa. Si siri, ni woga, tena woga wa kijinga, maana wa kuogopwa wameshazikwa na mimi niko Johannesburg. Lakini kwetu Unguja tulilelewa kufunga dirisha kwanza ndipo mtu aseme. Niliinuka nikalifunga, na joto lote lile. Binti yangu akaniangalia tu, na safari hii sikumwambia ale.

Nilikuwa na miaka kama tisa, nikamweleza. Mchele ulikuwa umepotea, sukari imepotea, na unga wa ngano ukija tunajipanga tangu alfajiri. Mimi nilibeba kikapu, baba alibeba maneno. Hakuwa mtu wa kunyamaza, Mungu amrehemu, hata akienda msikitini mama alikuwa akimwombea asifungue mdomo. Redio ya dukani ilikuwa inahubiri siasa, na baba akaijibu kwa mzaha, kwa sauti. Hakucheka mtu. Mama mmoja mbele yetu mabega yalimtikisika kidogo, akakohoa, akatazama chini.

Hatujafika mlangoni, wakaja vijana wawili wa serikali. Walikuwa na adabu sana. "Mzee, njoo mara moja." Baba akaniambia, "Nishikie nafasi."

Nikamshikia. Foleni iliposogea watu walinisogeza nayo, hakuna aliyenitazama usoni, na zamu yetu ilipofika muuza duka alinipimia unga bila kuniuliza baba yuko wapi. Nikaubeba hadi nyumbani. Mama aliukanda, tukala chapati, tukamwekea na yeye zake. Hakurudi. Mama alikwenda kuuliza mpaka akaambiwa akiuliza tena atapelekwa aliko mumewe. Kaburi hatuna. Nina hasira hadi leo, na sijui nimpelekee nani.

Binti yangu alikuwa analia. "Alisema nini, Mama? Huo mzaha?"

Sikuwa nimewahi kuutamka, hata kwa marehemu mume wangu. Nikausema vile vile kama baba alivyousema, na mkono kiunoni:

"Redio inasema neema iko mbele yetu. Kweli iko mbele. Tatizo ni hii foleni, haisogei."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikubwa, na machozi bado yanamtiririka. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. "Eish, Mama, sori, sori."

Nikamtoa mikono mdomoni.

"Cheka," nikamwambia. "Cheka, mwanangu. Siku ile hakucheka hata mtu mmoja."